Eksteno kwenye Raspberry Pi: anza na umeme, mwalimu

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kibosho, Moshi. Tuna Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, tunayoitumia kama maktaba ya wanafunzi: Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti), vitabu vya PDF na mitihani iliyopita. Wanafunzi wanasoma kwa Wi-Fi bila intaneti. Memori kadi ya GB 32 imejaa, kwa hiyo nimenunua eksteno (diski ya nje ya USB) ya TB 2 mjini. Nikiichomeka inawaka, inalia tik tik, halafu inapotea. Siku nyingine inatulia vizuri mpaka darasa lianze kuitumia. Niliongeza mstari kwenye fstab, faili linaloiambia Linux diski za kuunganisha inapowaka, ili ijiunganishe yenyewe, na tangu hapo umeme ukikatika na kurudi Pi haiwaki mpaka nihangaike nayo. Fundi mmoja kaniambia huku mlimani hewa ni nyepesi, ndiyo maana diski zinakufa. Nifanyeje? Na je, nihamishie kila kitu kwenye eksteno, kadi niachane nayo?

Jibu: Mwalimu, salama, na hongera kwa kazi hiyo. Maktaba inayofanya kazi bila bando ni msaada mkubwa kwa watoto, na inastahili kutengenezwa isisumbue tena.

Umeuliza mambo manne, lakini karibu yote yanatoka kwenye umeme. Nitakaa hapo kirefu, kwa sababu wengi wanaoniletea mashine za namna hii hapa Arusha huwa wameshabadilisha programu na kufomati diski kabla hawajaitazama chaja.

Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Matundu yake manne ya USB yanagawana ampea 1.2 kwa pamoja, hayapati zaidi ya hapo hata ukiweka chaja kubwa namna gani. Sasa geuza eksteno yako usome kibandiko. Nyingi za inchi 2.5, zile ndogo zisizo na adapta, zimeandikwa 5V na karibu 1A. Ikishaanza kuzunguka inakula pungufu ya hapo, lakini zile sekunde chache za mwanzo, mota inapoanza kuzungusha sahani za ndani, inavuta karibu ampea nzima kwa mkupuo. Ongeza kibodi, mausi na flashi moja pembeni, tayari umefika ukomo.

Hiyo ni kama chaja yenyewe ni nzima. Ukitumia chaja ya simu ya ampea 2 na waya mwembamba mrefu, hata hiyo 1.2 huipati, kwa sababu volti zinapungua njiani, ndani ya waya. Unaijua mifereji ya huko kwenu: wa juu akifungulia shamba zima, wa chini anabaki anatazama tope. Diski yako ndiyo iko chini ya mfereji.

Volti zikishuka chini ya takriban 4.63, Pi inapunguza kasi kujilinda, na kama ina skrini utaona alama ya radi ya njano pembeni. Diski haina njia hiyo. Ikikosa volti inarudisha vichwa vyake vya kusomea mahali pa kuegesha, inajaribu tena, inakosa tena. Huo ndio mlio wa tik tik unaousikia. Na ndiyo maana siku nyingine inatulia mpaka darasa lianze: wanafunzi thelathini wakifungua kurasa kwa pamoja, prosesa inachapa kazi, Wi-Fi inarusha, vichwa vya diski vinakimbia huku na huku, na kila kimoja kinadai umeme wake dakika ileile.

Usiniamini kwa maneno, pima. Iache ifanye kazi ya darasa, kisha andika:

`vcgencmd get_throttled`

Ikijibu `0x0`, umeme ni mzuri na mimi nimekosea. Ikijibu `0x50000`, maana yake volti zilishuka wakati fulani tangu mashine iwashwe. Ikijibu `0x50005`, zimeshuka hivi sasa unapoandika. Kisha tazama kumbukumbu za mfumo:

`dmesg | grep -iE "voltage|usb"`

Ukiona maneno ya volti kushuka, na mara baada yake diski inakatika na kuunganishwa upya, suala la programu lifunge hapo hapo.

Dawa ya kwanza ni chaja halisi ya Pi 4 yenye waya wake usiochomoka. Usinunue chaja ya simu kwa sababu tu imeandikwa "fast". Chaja nyingi za simu hupata nguvu kwa kupandisha volti hadi 9 au 12 baada ya kuelewana na simu, na Pi 4 haina mazungumzo hayo. Inabaki na volti 5 na ampea ambazo mara nyingi hazifiki 3.

Dawa ya pili, na kwa diski ya kuzunguka mimi naiona ni ya lazima, ni kuipa diski umeme wake yenyewe. Tafuta habu ya USB 3 yenye adapta yake ya ukutani. Diski inachomekwa kwenye habu, habu kwenye Pi, na Pi inabaki na kazi ya kupitisha data tu. Kabla hujaondoka dukani ijaribu hivi: washa habu, iunganishe na Pi, halafu chomoa chaja ya Pi. Taa nyekundu ya Pi ikiendelea kuwaka, habu hiyo inarudisha umeme kinyumenyume kupitia waya wa data. Iache hapo dukani. Pi inayolishwa kwa njia hiyo haizimiki sawasawa na haiwaki sawasawa, na utaanza kutafuta kosa lingine ambalo halipo.

Diski kubwa ya inchi 3.5 yenye adapta ya volti 12 nayo inaondoa tatizo hili, ila haipendi kusogezwa. Kama bado unaweza kubadilishana na muuzaji, ningekushauri uchukue SSD, diski isiyozunguka, ya TB 1 badala ya hiyo ya TB 2. Haina mota, haina cha kuegesha, na mwanafunzi akiigonga meza hakuna kinachokwaruzika. Utapata nafasi pungufu kwa bei kubwa zaidi, lakini kwa shule ningechagua hiyo. Kwa wasomaji wenye Raspberry Pi 5: hesabu yenu ni tofauti. Ikiwa na chaja ya ampea 5 inatoa hadi 1.6 kwenye USB, ikiwa na chaja ya ampea 3 inashusha hadi 0.6, na diski ya kuzunguka hapo haina maisha.

Jambo moja la tahadhari, mwalimu. Diski ikishapata umeme wa kutosha na bado inalia tik tik, au inalia vilevile ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine nzima, basi imeumia yenyewe. Izime, usiendelee kuilazimisha, na irudishe dukani ungali na risiti.

Sasa kukatika kwa umeme. Diski ya kuzunguka ikikatiwa ghafla inatumia nguvu iliyobaki kwenye mzunguko wa sahani zake kuvirudisha vichwa mahali pake. Imeundwa iweze kufanya hivyo, lakini si kila jioni kwa miaka. Ukitaka kujua imeshapigwa mara ngapi, sakinisha `smartmontools` kisha:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Kwa baadhi ya eksteno unaongeza `-d sat`. Mstari unaoanza na namba 192, kama diski yako inauonyesha, huhesabu kuegesha kwa dharura. Ila inayonihangaisha zaidi ni 5 na 197, sehemu za diski zilizokwisha kuhamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa sifuri, shukuru. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, nunua diski nyingine mapema. Mstari wa 199 ukipanda, mara nyingi ni waya au kiunganishi kati ya diski na kasha lake.

UPS ndogo ya kawaida, ile ya chini ya meza, inatosha kabisa. Pi, diski na ruta kwa pamoja havifiki wati 30. Betri ya ndani ya UPS za ukubwa huo kwa kawaida ni volti 12 na Ah 7, yaani Wh 84 kwa makaratasi. Toa upotevu wa kubadilisha umeme, bado ikiwa mpya unapata saa moja au zaidi. Usichomeke printa humo. Na vile visanduku vidogo vya kulinda ruta, angalia vizuri tundu la volti 5: mengi hayafikishi ampea 3 unazozihitaji.

Umeme ukishatulia, ndipo tunaigusa diski yenyewe. Eksteno nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na mfumo wa faili wa exFAT au NTFS ili zisomeke kwenye Windows. Linux inazisoma zote mbili, lakini kwa kazi yako mimi natumia ext4 bila kusita. exFAT haina daftari la kumbukumbu la kuirudisha sawa baada ya kukatika katikati ya kuandika, na haijui umiliki wa faili wa Linux. NTFS inalo daftari, ila ikiharibika sawasawa utahitaji kompyuta ya Windows kuitengeneza. FAT32 usiifikirie kabisa: haipokei faili linalozidi GB 4, na Wikipedia ya Kiingereza yenye picha kwenye Kiwix ni faili moja la GB 100 hivi.

Hasara ya ext4 ni kwamba ukiichomoa na kuipeleka kwenye kompyuta ya mhasibu yenye Windows haitasomeka. Basi usiichomoe. Faili za kupeleka huko zipitishe kwenye mtandao au flashi.

Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza ulichonacho. Halafu:

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,UUID,MOUNTPOINT`

Memori kadi yako inaitwa `mmcblk0`, hiyo usiiguse. Eksteno kwa kawaida itakuwa `sda`, na patisheni yake `sda1`. TB 2 itaandikwa 1.8T, usidhani umeibiwa: dukani wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024. Soma mara mbili jina la diski kabla ya kubonyeza enta hapa:

`sudo umount /dev/sda1`
`sudo mkfs.ext4 -L maktaba -m 0 /dev/sda1`

Hiyo `-m 0` ina sababu. Bila kuiandika, ext4 inatenga asilimia 5 kwa ajili ya mfumo, na kwa TB 2 hizo ni GB 100 unazozikosa kwenye diski isiyobeba mfumo wowote.

Kisha andaa folda na uchukue namba ya utambulisho ya diski:

`sudo mkdir -p /srv/maktaba`
`sudo chattr +i /srv/maktaba`
`sudo blkid /dev/sda1`

Mstari wa `chattr` nitaueleza muda si mrefu. Sasa fungua `/etc/fstab`, ondoa mstari wako wa zamani, weka huu kwa namba yako mwenyewe:

`UUID=namba-yako /srv/maktaba ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=30 0 2`

Tumia UUID, usitumie `/dev/sda1`. Majina ya `sda` na `sdb` yanatolewa kwa kufuata nani amewahi kuitika, na flashi ya mwanafunzi ikiwahi, maktaba yako inahama jina.

Neno linaloponya ugonjwa wako wa kutowaka ni `nofail`. Bila hilo, mfumo unaiona diski kuwa ni ya lazima. Umeme unaporudi, Pi inawahi kuamka, eksteno yenye njaa ya umeme inachelewa au haiji, mfumo unasubiri sekunde 90 kisha unaingia hali ya dharura. Kwenye Raspberry Pi OS akaunti ya root, yaani ya msimamizi mkuu, imefungwa, kwa hiyo hata hapo kwenye hali ya dharura huna la kufanya, na kwa kuwa mashine haina skrini, wewe unaiona imekufa. Kumbe imekaa inasubiri. Kama iko hivyo sasa hivi, izime, ipe diski umeme kupitia habu kwanza, subiri izunguke, ndipo uwashe Pi. Ikikataa, toa kadi, isome kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, na uweke alama ya # mwanzoni mwa ule mstari wa zamani.

Baada ya kuhifadhi, jaribu kabla ya kuwasha upya:

`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo mount -a`
`findmnt /srv/maktaba`

Amri ya mwisho ikikuonyesha diski yako na ext4, umefika. Mpe mtumiaji wako umiliki kwa `sudo chown -R $USER: /srv/maktaba`, halafu anza kunakili.

Nirudi kwenye `chattr +i`. `nofail` ina mtego wake ambao maelekezo mengi hayausemi. Siku diski isipoitika, Pi itawaka vizuri, na folda ya `/srv/maktaba` itakuwepo, ila tupu, ndani ya memori kadi. Programu haijui tofauti. Mtu atapakia video za fizikia, zitaingia kwenye kadi, kadi itajaa, na mashine itagoma siku ya mtihani. Siku diski ikirudi, itazifunika zile faili na utazitafuta bila kuziona. Kuifunga folda kwa `chattr +i` kabla diski haijaunganishwa kunazuia kuandika chochote hapo diski isipokuwepo, na hakuzuii diski kuunganishwa juu yake. Na kwenye faili la huduma linalowasha Kiwix, chini ya `[Unit]`, ongeza:

`RequiresMountsFor=/srv/maktaba`

Hapo Kiwix haitaanza mpaka diski iwe mahali pake. Ni heri wanafunzi wakute ukurasa haufunguki, mkajua kuna tatizo, kuliko kukuta maktaba tupu.

Kabla hujaijaza, hakikisha TB 2 ni za kweli. Sokoni zipo eksteno za ajabu, nyepesi, bei ya kutupa, ambazo ndani yake ni kadi ndogo iliyodanganywa ijitangaze kuwa kubwa. Zinapokea faili bila kulalamika na kuyafuta ya mwanzo kimyakimya. Sakinisha `f3`, endesha `f3write /srv/maktaba` kisha `f3read /srv/maktaba`. Kwa diski nzima ya TB 2 hesabu saa tano au sita za kuandika na nyingine kama hizo za kusoma, kwa hiyo ianzishe Ijumaa jioni. Ukimaliza futa mafaili ya `.h2w`. Eksteno yako kwa kuwa inalia ina mota, hivyo sina shaka kubwa nayo, lakini jaribio hili pia linaonyesha kama umeme mpya unahimili kazi mfululizo.

Tumia tundu la bluu, ndilo USB 3. `lsusb -t` ikionyesha 5000M uko sawa, ikionyesha 480M uko kwenye tundu jeusi au waya ni wa zamani. Ingawa kwa darasa lako kasi ya diski si kitu: USB 2 yenyewe inatoa MB 35 hivi kwa sekunde, na Wi-Fi ya ndani ya Pi ikigawanywa kwa wanafunzi thelathini itachoka kabla yake. Weka ruta, iunganishe na Pi kwa waya wa LAN. Sababu nyingine ya kufanya hivyo ni kwamba vifaa vya USB 3 vinatoa kelele ya redio kwenye masafa ya GHz 2.4, na Intel waliliandika jambo hilo mwaka 2012. Kama Wi-Fi imedhoofika tangu eksteno ije, isogeze mbali na Pi kwa waya mzuri.

Kuhusu hewa nyepesi, fundi wako ana chembe ya ukweli. Vichwa vya diski vinaelea juu ya sahani kwa kubebwa na hewa, na hewa ikipungua sana vinashuka na kugusa. Lakini diski nyingi zimeruhusiwa kufanya kazi hadi takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Nyumba na shule za Kibosho ziko chini sana ya hapo. Onyo hilo ni la waongozaji wanaopanda na laptopu za wageni: kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro tayari ni mita 3,700 hivi, na kambi ya Kibo ni zaidi ya 4,700, huko diski ya kuzunguka isiwashwe, watumie SSD. Cha kuangalia kwako ni unyevu. Ile baridi ya Juni na Julai yenye ukungu, diski ikitoka nje ikaingia ndani kwenye joto, iache itulie kwanza kabla ya kuichomeka.

La mwisho, kuhamishia mfumo wote kwenye eksteno. Pi 4 inaweza kuwaka kutoka USB bila kadi. Kwa diski hiyo ya kuzunguka nakushauri usifanye hivyo. Mfumo ubaki kwenye kadi, data kwenye diski, ili diski ikileta shida uweze bado kuingia na kuitengeneza. Ukipata SSD, hamisha.

Ila kuna faili moja moja ambazo hazina pa kupakuliwa tena: alama za wanafunzi na mitihani mliyotunga wenyewe. Wikipedia utaipata tena kwa yeyote mwenye nakala, hizo hutazipata. Zitengee folda yao, na kila mwisho wa juma chomeka diski nyingine na uzinakili:

`rsync -av /srv/maktaba/nyaraka/ /mnt/akiba/nyaraka/`

Kisha ichomoe, na isilale chumba kimoja na Pi. Mpe mwalimu mkuu aondoke nayo nyumbani.